Ajida si Msaidizi: Uhakiki wa Tafsiri ya Vyeo vya Jeshi Kandokando ya Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa somo la Tafsiri huleta darasani matini za namna nyingi: hotuba, matangazo ya afya, mikataba, hata vikaratasi vya dawa. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja kutoka Burundi alileta kijitabu chembamba cha Kiswahili, kilichotafsiriwa kutoka Kifaransa, ambacho miaka kadhaa iliyopita kiligawiwa kwa askari waliorudishwa uraiani baada ya vita vya nchi hiyo. Taasisi iliyokitoa sitaitaja. Nia ya makala haya si kumwaibisha mtu, na makosa yaliyomo yangeweza kufanywa na yeyote kati yetu tunaofundisha tafsiri. Nia ni kuhakiki jinsi kijitabu kilivyoshughulikia vyeo vya jeshi, na kwa kupitia makosa hayo tutazame hali ya istilahi za kijeshi katika Kiswahili kwa jumla.

Wakati wa likizo nilikwenda na kijitabu hicho nyumbani Kabezi. Kwa msomaji asiyeifahamu, Kabezi iko kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara inayofuata ufuo wa ziwa hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni vilima. Nyumbani watu husema Kirundi, na Kiswahili husikika sokoni, mwaloni wanakoshushia ndagala na mikeke, na ndani ya magari ya abiria. Vilima hivyo viliona mapigano mengi katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na kwa kuwa kundi la FNL halikusimamisha vita hadi mwaka 2008, watu wa huku walikuwa miongoni mwa wa mwisho kupata amani. Kwa sababu hiyo, cheo cha jeshi hapa si jambo la vitabuni. Karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kuvaa sare, ya upande huu au wa ule.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu jeshini zamani, alinitaka nimsomee. Nilipofika kwenye orodha ya vyeo akaninyamazisha kwa mkono. Kijitabu kilikuwa kimeandika "Msaidizi Mkuu" mahali ambapo Kifaransa kilisema adjudant-chef. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, mimi nilimsaidia nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Makosa yenyewe

Nimechagua makosa matano kati ya yaliyomo, kwa kuwa kila moja linatufundisha jambo tofauti.

Kwanza, adjudant imetafsiriwa kuwa "msaidizi". Mtafsiri ametazama mzizi wa neno. Ni kweli kwamba neno hilo lina asili ya Kilatini yenye maana ya kusaidia. Lakini adjudant hamsaidii mtu kwa maana hiyo. Ni askari wa ngazi ya juu miongoni mwa wasio maofisa, mtu mwenye miaka mingi kazini, ambaye kikosi kizima humtegemea kwa nidhamu na mpangilio wa kila siku.

Pili, général-major imekuwa "Jenerali Mkubwa". Msomaji wa kawaida ataelewa kwamba huyu ndiye mkubwa wa majenerali wote. Kinyume chake ndicho kweli: yuko juu ya général de brigade, lakini chini ya lieutenant-général, na juu ya huyo kuna jenerali kamili. Kiswahili tayari kina jina lake, Meja Jenerali, linalotumika Tanzania na Kenya na kusikika redioni kila siku. Mtafsiri hakuhitaji kubuni chochote.

Tatu, sous-lieutenant imekuwa "Luteni wa Chini". Si kosa kubwa la maana, lakini linapuuza kazi nzuri iliyokwisha kufanywa. Tanzania humwita ofisa huyo Luteni Usu, kama inavyomwita askari mwenye tepe moja Koplo Usu. Neno usu linafahamika kwa wanajiografia wetu katika jangwa usu, yaani nchi iliyo kati ya jangwa na isiyo jangwa. Luteni Usu ni luteni ambaye hajatimia. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya istilahi bora kabisa katika msamiati wetu wa kijeshi: ni fupi, inaeleweka, na imeundwa kwa mali yetu wenyewe.

Nne, capitaine imekuwa "nahodha". Hapa tunaelewa kishawishi, hasa kwa mtu wa ziwani ambaye kwake kapteni wa kwanza ni yule wa chombo. Lakini nahodha huongoza chombo na kapteni wa nchi kavu huongoza kombania. Jambo linazidi kuwa gumu tukikumbuka kwamba katika majeshi ya majini yanayofuata utaratibu wa Kiingereza, kapteni wa majini ni sawa na kanali wa nchi kavu, ngazi tatu juu ya kapteni wa nchi kavu. Na Burundi ina kikosi chake cha majini ziwani. Mtafsiri asipouliza "kapteni wa wapi?", anaweza kumshusha au kumpandisha mtu ngazi tatu kwa neno moja.

Tano, na hili ndilo lililonishangaza zaidi, major imeelezwa kwa maneno "cheo cha juu cha askari wasio maofisa". Bila shaka mtafsiri alifungua kamusi ya Kifaransa cha Ufaransa. Katika jeshi la Ufaransa, major kweli ni ngazi ya juu kabisa ya wasio maofisa, na ofisa aliye juu ya kapteni huitwa commandant. Lakini Burundi, kama Rwanda na Kongo, ilirithi utaratibu wa Ubelgiji, na kwa Wabelgiji major ni ofisa mwandamizi aliye juu ya kapteni na chini ya luteni kanali. Yaani ni Meja wetu. Mtafsiri alijua Kifaransa. Hakujua Kifaransa cha nani.

Mzizi si maana

Makosa ya kwanza, la pili na la tatu yana chanzo kimoja: imani kwamba ukitafsiri mzizi umetafsiri neno. Tuijaribu imani hiyo kwa vyeo vingine. Luteni, kwa asili yake ya Kifaransa, ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine. Sajini anatokana na neno la Kilatini lenye maana ya anayetumikia. Kapteni na koplo wote wanatokana na maneno yenye maana ya kichwa. Kanali ana asili ya Kiitaliano inayohusu safu ya watu, na jenerali maana yake ni wa jumla. Tukifuata njia ya kijitabu tutapata jeshi lenye Mshika Nafasi, Mtumishi, Kichwa Kikubwa, Kichwa Kidogo, Mtu wa Safu na Bwana Jumla. Darasa lilicheka nilipoandika orodha hiyo ubaoni. Lakini hakuna aliyecheka alipoona "Msaidizi Mkuu", kwa sababu neno msaidizi linafanana na cheo cha ofisini, na kosa lenye sura ya heshima hupita bila kukaguliwa.

Maneno ya vyeo hufanya kazi kama majina ya vipimo. Hatuulizi asili ya neno kilo tunaponunua sukari. Tunataka kujua ni kiasi gani. Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili: kamusi za karne ya 19 zililieleza neno cheo kama kipimo, urefu au upana wa kitu, kabla ya kufikia maana ya nafasi ya mtu katika jamii. Cheo ni kipimo. Swali la mtafsiri basi ni hili: mtu huyu amepimwa wapi, kwa kipimo gani, na ananing'inia wapi kati ya aliye juu yake na aliye chini yake?

Afande na ajida: historia ya dari

Mtu asidhani kwamba msamiati wetu wa kijeshi ulianza na Waingereza. Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliajiri askari wa Kisudani huko Misri ili kupigania utawala wa Wajerumani pwani, na askari hao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo navyo vilitoka kwa Waturuki. Ndiyo maana katika jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki koplo aliitwa ombasha, neno ambalo kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi. Sajini aliitwa shaush, juu yake akawapo betshaush, kisha sol, na juu ya wote effendi. Urundi ilikuwa sehemu ya koloni hilo, na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani hadi Wabelgiji walipoiteka mwaka 1916. Maana yake ni kwamba maneno ombasha na shaush yalisikika kwenye ufuo huu huu miaka mingi kabla ya adjudant kufika.

Effendi ndilo neno tunalolitamka leo afande. Tukumbuke lilikuwa wapi katika ngazi. Kwa Wajerumani, lilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia. Juu yake walikuwapo Wazungu tu, hata yule aliyeshuka melini jana. Waingereza nao walilirudisha neno hilo katika kikosi cha King's African Rifles katika miaka ya 1950, kama daraja maalumu la Waafrika, juu ya wasio maofisa lakini chini ya maofisa wenyewe. Idi Amin alikuwa effendi mwaka 1959, kabla ya kupewa uluteni mwaka 1961. Neno lililokuwa dari ya Mwafrika limekuwa leo namna ya kumwita kila mkubwa. Kuruta humwita koplo afande, na mwananchi aliyesimamishwa barabarani humwita polisi afande huku akitafuta leseni yake. Sijui kama kuna neno lingine la Kiswahili lililosafiri mbali namna hiyo bila kubadili sare.

Upande wa Wabelgiji dari iliitwa kwa jina lingine. Katika Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo lililoweka vikosi vyake Ruanda-Urundi pia, Mwafrika hakuweza kupita adjudant. Hadi mwaka 1960 hapakuwa na ofisa Mkongo hata mmoja kwenye jeshi hilo, na siku chache baada ya uhuru askari waliasi, suala la vyeo likiwa miongoni mwa sababu kuu. Miaka minne baadaye, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles nao waliasi Dar es Salaam wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi huo ndio uliozaa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoanzishwa Septemba 1964. Ukitazama kwa makini utaona kwamba majeshi mawili, ya mashariki na ya magharibi mwa ziwa letu, yalitikisika kwa swali moja: nani anaruhusiwa kuvaa nini begani?

Kwa hiyo watu wa ziwani wanaposema ajida hawatamki Kifaransa kibovu. Wanataja nafasi yenye historia. Kwa kizazi cha wazee, ajida ndiye mtu wao aliyefika mbali zaidi katika jeshi la wageni. Kumwita msaidizi ni kumrudisha chini ya dari ambayo yeye alikuwa ameigusa kwa mkono.

Alama za begani

Katika Kiswahili cheo huvishwa na huvuliwa, kama nguo. Twasema amevishwa cheo cha kanali, au amevuliwa vyeo vyote. Lugha yenyewe inatuambia kwamba cheo huonekana kwa macho, na mhakiki hawezi kuzungumzia jina bila kuzungumzia alama.

Katika majeshi yaliyofuata utaratibu wa Kiingereza, yakiwamo ya Tanzania, Kenya na Uganda, luteni usu huvaa nyota moja, luteni mbili, kapteni tatu. Baada ya hapo hesabu huvunjika. Meja hana nyota hata moja. Mahali pa nyota huvaa alama moja, ambayo kwa Waingereza ni taji na ambayo nchi zetu baada ya uhuru zilibadilisha kwa alama za taifa. Luteni kanali huongeza nyota moja juu ya alama hiyo, kanali mbili. Wanafunzi wetu wanaoandika hadithi fupi hupenda sana kumtambulisha mhusika kwa "nyota nyingi mabegani". Wajue kwamba kapteni mwenye nyota tatu humpigia saluti meja asiyekuwa na hata moja.

Walio chini ya maofisa huvaa tepe mkononi: koplo usu moja, koplo mbili, sajini tatu. Hapa ndipo Tanzania ilipotupatia jina ninalolipenda kuliko yote, Sajini Taji. Kwa Waingereza, sajini wa ngazi ya pili huvaa tepe tatu na taji juu yake, na Kiswahili kimemtaja kwa kile kinachoonekana. Tanganyika ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, taji la malkia likaondoka, lakini jina likabaki. Leo askari wa jamhuri anaitwa kwa jina la taji ambalo nchi yake haina, wala hakuna anayeona ajabu. Huu ni ushahidi mwingine kwamba jina la cheo likishakaa mahali pake halihitaji tena mzizi wake.

Kapteni, Luteni Kanali, Meja

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya askari, sisi raia yanatuhusu nini? Tutazame historia ya Burundi yenyewe. Aliyeuondoa ufalme tarehe 28 Novemba 1966, Michel Micombero, alikuwa kapteni. Aliyempindua tarehe 1 Novemba 1976, Jean-Baptiste Bagaza, alikuwa luteni kanali. Aliyempindua huyo tarehe 3 Septemba 1987, Pierre Buyoya, alikuwa meja, na kwa miaka mingi wasikilizaji wa Kiswahili walimjua kwa jina moja tu, Meja Buyoya. Hakuna jenerali hata mmoja kati ya watatu hao. Aliyejaribu tarehe 13 Mei 2015, Godefroid Niyombare, alikuwa meja jenerali, na hakufaulu.

Msomaji anayejua ngazi atasoma orodha hii na kuona kitu: mara tatu dola ilichukuliwa na maofisa wa kati, watu wanaoishi karibu na askari na bunduki zao. Asiyejua ngazi ataona majina tu. Na msomaji wa kijitabu chetu, aliyeambiwa kwamba major si ofisa, ataamini kwamba mwaka 1987 Burundi ilipinduliwa na sajini. Tafsiri mbovu ya neno moja huharibu ukurasa mzima wa historia.

Ndiyo maana vyeo vilijadiliwa kwa uzito katika mazungumzo ya amani. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka sharti kwamba hakuna kabila litakalozidi asilimia 50 ya vyombo vya ulinzi. Makubaliano ya Pretoria ya mwaka 2003 yaliipa CNDD-FDD asilimia 40 ya nafasi za maofisa. Baada ya hapo likabaki swali gumu la kulinganisha vyeo: mtu aliyekuwa kamanda msituni miaka kumi awe nani mbele ya mtu aliyesoma chuo cha maofisa? Jeshi jipya la taifa lililoundwa mwaka 2004 lilipaswa kumjibu kila mmoja kwa kumvisha kitu begani. Na kwa waliorudi uraiani, malipo yao yalikadiriwa kwa kufuata cheo. Kwao cheo kilikuwa heshima na pia mabati ya nyumba.

Vyeo vya msituni

Jambo hili la msituni lina uzoefu wake katika Kiswahili. Kenya ilimjua Dedan Kimathi kama Field Marshal na Waruhiu Itote kama General China. Zanzibar mwaka 1964 ilimsikia John Okello akijitangaza redioni kwa cheo hicho cha kwanza. Na ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Fizi na Baraka, mwaka 1965 Wakyuba waliokuja kuwasaidia wapiganaji wa Kongo waliamua kuficha vyeo vyao kwa namba za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che Guevara, aliyekuwa mkubwa wao, akawa Tatu. Huko Kiswahili kilitumika kwa kazi iliyo kinyume na ile tunayoizungumzia: kuficha ngazi badala ya kuionyesha.

Baadhi ya magazeti yetu huwa na tabia ya kuweka alama za mtajo kwenye vyeo vya waasi na kuviacha vyeo vya serikali bila alama. Mwandishi wa tahariri anayo haki ya kufanya hivyo. Mtafsiri hana. Matini asilia ikisema kanali, yeye aandike kanali. Kuongeza alama ni kumvua mtu cheo, na kuiondoa ni kumvisha, na hakuna kati ya hayo mawili iliyo kazi yetu.

Je, "Afisa Mteule" ingetosha?

Hadi hapa ilikuwa rahisi kumlaumu mtafsiri. Nilipomweleza mzee makosa hayo, nilimwambia pia, kwa fahari ya mwalimu wa Kiswahili sanifu, kwamba cheo chake kina jina zuri Tanzania: Afisa Mteule. Adjudant anaweza kuwekwa sawa na Afisa Mteule Daraja la Pili, na adjudant-chef na Afisa Mteule Daraja la Kwanza. Nilidhani atafurahi.

Mzee alitikisa kichwa. "Mwanangu, mimi sikuwa ofisa. Maofisa walikula nyumba yao, sisi tulikula yetu. Ukiniandika ofisa, walionijua watasema nimedanganya."

Kauli hiyo ilinirudisha darasani. Afisa Mteule ni istilahi inayofanya kazi vizuri ndani ya jeshi lililoiunda, ambako kila askari anajua kwamba huyo yuko chini ya Luteni Usu. Lakini nje ya jeshi hilo inapotosha. Msikilizaji wa kawaida akisikia "mteule" hudhani ni ofisa aliyechaguliwa kati ya maofisa, yaani aliye bora kuliko wenzake, ilhali ofisa kamili wa miaka ishirini na mmoja ana mamlaka juu yake. Isitoshe, Burundi ina ajida, ajida mkuu na ajida meja. Ngazi tatu haziingii katika madaraja mawili bila mmoja kubaki nje. Istilahi sanifu tuliyoiona kuwa dawa imeponya jeraha moja na kufungua lingine.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka orodha moja ya vyeo kwa Afrika Mashariki nzima. Hata kati ya Tanzania na Kenya hatuna orodha moja: Tanzania ina Brigedia Jenerali, Kenya ina Brigedia. Na wenzetu Waswahili walioko Oman huishi na vyeo vya Kiarabu, ambako akidi ni kanali, ilhali katika Biblia ya Kiswahili akida ni mkuu wa askari mia, na chini ya Wajerumani akida alikuwa mtawala wa kiraia. Jemadari naye alikuwa ofisa mdogo wa kienyeji katika jeshi la Waingereza huko India, kisha katika Kiswahili akapanda hadi kuwa mkuu wa jeshi zima kama Naamani. Kipimo hubadilika na soko.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, napendekeza mambo manne kwa wanafunzi na walimu wenzangu.

Moja, mtafsiri aanze kwa kuuliza ni jeshi gani, na la utaratibu upi: wa Kiingereza, wa Kibelgiji au wa Kifaransa. Kamusi ya lugha pekee haitoshi.

Mbili, penye jina lililokwisha kukubalika na linalolingana kwa ngazi, litumike bila kubuni: Meja Jenerali, Luteni Kanali, Meja, Kapteni, Luteni Usu.

Tatu, pasipo na ulinganifu, jina la wenyewe litoholewe na kubaki: ajida, ajida mkuu, ajida meja. Mara ya kwanza lifafanuliwe kwa maneno machache, kwa mfano "ajida mkuu, cheo cha juu cha askari wasio maofisa". Sentensi moja ya maelezo ni bora kuliko neno moja la uongo.

Nne, kamusi zetu zinapoeleza cheo zitaje ni cha jeshi gani na kiko kati ya kipi na kipi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kati ya mwaka 2022 na 2023 askari wake walikuwa pamoja na wa Kenya na Uganda katika kikosi cha Jumuiya mashariki ya Kongo, eneo ambalo raia wake huzungumza Kiswahili. Mahitaji haya yapo.

Hitimisho

Kijitabu tulichokihakiki kina mazuri yake. Sentensi zake ni fupi, maelezo ya haki na malipo yanaeleweka, na aliyekiandika alikuwa na nia ya kumfikia askari asiyesoma Kifaransa. Kimeshindwa mahali pamoja tu, lakini ni mahali ambapo msomaji alijitafuta yeye mwenyewe na hakujiona.

Nilipokuwa naondoka Kabezi nilichukua kalamu, nikafuta "Msaidizi Mkuu" katika nakala ya mzee na kuandika juu yake "Ajida Mkuu". Aliniomba niandike tena kwa herufi kubwa zaidi, maana macho yake yamechoka. Kisha akakikunja kijitabu na kukitia mfukoni.

Wasomaji wenye maoni, hasa wale waliotumikia majeshi ya nchi nyingine na wanaojua majina ya vyeo yanayotumika huko, wanakaribishwa kutuandikia kwa ajili ya toleo lijalo.